Pale Chuma Kinapoishia

Bibi wa Ngoma amefariki, lakini hakuuawa na mguu. Naanza na hilo kwa sababu msibani nilimsikia mwanamume mzima, amevaa koti la suti, akiwaambia wenzake kwamba vile vyuma vya hospitali ndivyo vilivyommaliza mama. Kwa heshima ya marehemu nikaendelea na chai yangu. Bibi aliondoka kwa malaria iliyompanda kichwani, msimu wa mvua, na wiki ileile alikuwa amekwenda gengeni kwa miguu yake mwenyewe kununua chumvi. Mguu wenye vyuma ulimbeba mpaka mwisho. Anayesema vingine aje aseme mbele yangu.

Mimi kazi yangu ni fiziotherapia. Wagonjwa wengi hutuita wale wa mazoezi, wenye hasira zaidi hutuita watesaji. Yeye aliniita mpagazi, kwa kuwa mimi ni Mnyamwezi wa Tabora na yeye ni Mgogo, na hao ni watani tangu enzi za misafara. Siku tuliyokutana alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, hapa Dodoma mjini, amewekewa chuma kwenye nyonga siku iliyotangulia. Nikasogea, nikamwambia, "Shikamoo Bibi. Leo tunasimama."

Akanitazama kuanzia viatu. "Marahaba. Kwenu wapi?"

"Tabora, Bibi."

"Eheee. Babu zako walipita hapa na mizigo vichwani wakatulipa ushuru wa maji. Leo umekuja kunibeba mimi?"

Nikamwambia sibebi mtu, atasimama mwenyewe. "Hapo tumeelewana," akasema, na kabla sijavuta pazia alikwishashusha mguu mmoja kitandani, ule mzima, anatafuta sakafu kwa kidole gumba. Wagonjwa wote niliowahi kuwanyanyua siku ya kwanza huniomba kesho. Yeye aliniomba kanga nyingine, kwa kuwa hakutaka kusimama mbele ya wodi na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni.

Hilo jina la Bibi wa Ngoma hakulipata kwa bahati. Kijijini kwao, kwenye barabara ya kwenda Mvumi, wanawake wanapiga muheme, na kwenye muheme yeye ndiye aliyekuwa anaanza. Asiyeijua ngoma hiyo nimweleze kidogo. Ni ngoma nyembamba kiunoni, na haiwekwi chini wala haivaliwi shingoni. Mwanamke anasimama, anakunja magoti kidogo, anaibana katikati ya mapaja, kisha anaipiga kwa viganja. Paja likilegea ngoma inaanguka. Mama anaweza kusimama hivyo asubuhi mpaka chakula cha mchana, anaimba, anazunguka, na ngoma iko palepale. Na mpaka mkubwa wao apige kwanza, hakuna mwingine anayegusa ngozi, hata awe na haraka gani.

Basi fikirieni mimi, na elimu yangu, nimempelekea mto wa kitanda. Katika mazoezi ya mwanzo tunampa mgonjwa mto, aubane kwa magoti, auachie, aubane tena. Nikampa maelekezo vizuri, polepole, kama tulivyofundishwa. Aliubana ule mto ukawa bapa kama chapati. Kisha akaniuliza, "Hiki ndicho mlichosomea?" Wodi nzima ilicheka, na muuguzi wa zamu akatoka nje kwenda kumalizia kicheko chake huko.

Alikuwa hapendi kuambiwa pole. Wageni wanakuja, wanainama, pole mama, pole sana, naye anawauliza, "Ya nini? Mmenikuta nimekufa?" Mchungaji alipomwombea kwa sauti ya huzuni alimkatisha katikati akamwambia aombee mvua, mguu una daktari. Neno mgonjwa lilimkera kuliko maumivu. Ukimwita mgonjwa wangu anakugeuzia mgongo na hakujibu mpaka uombe radhi, mtani au si mtani.

Lakini msije mkadhani namchora malaika. Alikuwa mwongo wa fimbo, kwa mfano. Nilimpa fimbo nikamwelekeza aishike mkono upi, na kila alipokuja kliniki alikuwa nayo mkononi, anatembea nayo kama askari wa gwaride. Siku moja nilikwenda kijijini kumtembelea bila taarifa, nikaikuta fimbo hiyo kwenye zizi la mbuzi, imekuwa komeo la mlango. Yeye mwenyewe alikuwa anakuja kutoka shambani amebeba kibuyu. "Mbukwa, mpagazi," akanisalimia Kigogo, bila aibu hata chembe. "Fimbo inapumzika."

Kanisani alikaa mstari wa mbele, kwaya ya akina mama ilikuwa mali yake, lakini pombe ya uwele ikiiva haikunywewa nyumbani kwake kabla hajamwagia wazee kidogo chini. Nilimuuliza hayo mawili yanakaaje pamoja. Akasema Mungu hana wivu wa kikombe kimoja. Blanketi lake alimpa jirani wa kitanda wodini, akalala na kanga, lakini ngoma yake ya kuongozea hakuna binti wala mkwe aliyeruhusiwa hata kuifuta vumbi. Na huyu mwanamke aliyekuwa haogopi kufunguliwa nyonga alikuwa anaogopa kuguswa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, ukungu mtupu. Daktari wa macho alimwambia ni kazi ndogo, anaingia asubuhi anatoka mchana. Akakataa miaka na miaka. Alisema ngoma yake anaijua kwa mikono. Sawa, ngoma anaijua kwa mikono, na kizingiti je? Kuvunjika mara ya kwanza alijikwaa kwenye kizingiti cha nyumba yake mwenyewe, alichokivuka tangu aolewe. Nilimgombeza sana kwa hilo, na sijutii.

Jambo la pili lililonikasirisha ni vidonge. Kila daktari aliyemwona alimuuliza anatumia dawa gani, naye kila mara alijibu hakuna. Hakuwa anaficha. Kwake yeye dawa ni kile unachopewa na daktari. Siku moja mgongo ulikuwa umenishika, nainuka kwa kujivuta, akanionea huruma. Akafungua pindo la kanga, akatoa kidonge. "Meza hiki. Kesho utacheza."

Nikakigeuza. Deksa. Vile vidonge vinavyonenepesha mashavu, wasichana wanavinunua ili wapendeze, wazee wanavinunua kwa ajili ya magoti. Nikamuuliza amevimeza tangu lini. Akaanza kunihesabia kwa wajukuu, huyu alikuwa hajazaliwa, yule alikuwa anatambaa. Nilikaa chini kwenye kiti cha mgeni. Maumivu kweli yanaondoka, na hamu ya kula inakuja, lakini kidonge hicho ukikimeza miaka yote hiyo kinaunyonya mfupa kimyakimya, mpaka nje unaona mama mwenye mashavu mazuri na ndani mfupa umekuwa chujio. Tukampeleka kwa daktari, maana huwezi kuviacha ghafla, vinapunguzwa kidogo kidogo. Akapunguziwa, akateseka na magoti, akavumilia. Na alipokuwa na nguvu ya kwenda mpaka dukani alikokuwa anavinunua, alikwenda akasimama mlangoni, akawaambia wateja wote waliokuwa kwenye foleni kwamba hapa wanauza magoti na kununua mifupa. Mwenye duka alimwomba aondoke. Akasema ana chuma, hawezi kutembea haraka.

Sasa nifike kwa mwanawe mkubwa. Namheshimu, na ninajua atayasikia haya. Ni mtumishi wa serikali, mtu wa adabu, anampenda mama yake kuliko watoto wengi ninaowaona wodini. Miezi kadhaa baada ya operesheni ya kwanza alimchukua kijijini, akamleta mjini kwenye nyumba yake mpya, chumba chake mwenyewe, choo cha ndani, vigae vinang'aa kila kona. Akamwambia, "Mama, umetulea. Sasa kaa." Na mama akakalishwa.

Huku kwetu hiyo ndiyo heshima. Mzazi aliyelea watoto wakasoma akionekana bado anachota maji, anatwanga, anafagia, aibu ni ya watoto. Watu wanauliza, hivi yule kijana hana huruma? Basi chakula kinaletwa pale alipo, maji ya kunawa yanaletwa, viatu anavalishwa. Wageni wanaingia wanasema, loo, mama amepumzika, amenawiri. Mwana anafurahi. Mimi nikiingia natazama paja.

Nilimkuta amezama kwenye sofa, laini, la chini, ambalo mtu mzima mwenye nyonga nzima hulitoka kwa kujitahidi. Televisheni inaongea peke yake. Mguu niliokuwa nimeuacha na misuli ulikuwa umelegea, ngozi inaning'inia. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za mazoezi.

"Wamenipandisha cheo, mpagazi," akasema. "Mimi sasa ni kabati."

"Kwa nini hutembei humu ndani?"

"Nikisimama tu wanakuja wawili. Mama unataka nini, mama kaa. Nataka kusimama, nawaambia. Wanasema utaanguka."

Usiku halali, kwa sababu mchana hachoki. Kwa kuwa halali akatafutiwa vidonge vya usingizi, na kwa vidonge vya usingizi akawa anaamka na kizunguzungu, anashika kuta. Samaki wadogo wa Mtera aliokuwa anawatafuna na mifupa yao, na mlenda wake, na maziwa ya mgando, vyote vilikuwa vimeondolewa mezani, akawa anapewa chai na mkate mweupe kwa kuwa ndicho chakula cha kupumzikia. Na jua? Jua alikuwa analiona dirishani, nyuma ya pazia.

Nilimvuta mwanawe pembeni, barazani. Nikamwambia, ndugu yangu, mfupa usiobebeshwa uzito unajisahau. Huyu mama ana mfupa mwembamba tayari, ana macho mabovu, anakunywa kidonge cha usingizi, anatembea juu ya vigae vinavyoteleza, na ndani ya paja lake kuna chuma kinachoishia katikati ya mfupa. Akianguka, utavunjika palepale chuma kinapoishia. Mwache atembee, atwange. Weka mkeka wa mpira kule kwenye korido. Akanisikiliza kwa makini.

"Daktari, nimekuelewa," akasema. "Lakini mama yangu atwange ndani ya nyumba yangu? Watu watanionaje?"

Niliaga kabla sijamkosea adabu. Mkeka wa mpira haukuwekwa.

Mwaka huo kijijini kulikuwa na sikukuu ya mavuno kanisani. Wanafunzi kutoka chuo kikuu kule Chimwaga walikuja na kamera zao kurekodi muheme. Wanawake wamepanga mstari, ngoma zimeanikwa juani, ngozi zimekaza, na hakuna anayeanza. Wanamngoja mkubwa wao. Mwanawe alimleta kwa gari, na mimi pamoja nao, kwa sharti moja, kwamba atakaa kwenye kiti cha plastiki na kutazama. Mwanafunzi mmoja, binti mstaarabu tu, akamwambia, "Bibi, tunaweza kukurekodi ukiwa umekaa, haina shida." Bibi akamuuliza kama na yeye hucheza akiwa amekaa. Kisha akaniita kwa kidole. Nikamtazama mguu, nikamtazama usoni, nikamwambia wimbo mmoja tu na mimi nasimama nyuma yako. Akasimama, akabana ngoma, akapiga. Wimbo mmoja. Akakaa. Hakuyumba hata kidogo, na mimi nyuma yake nilikuwa nimetanua mikono bure.

Kila mtu aliiona ngoma ile. Siku alipoanguka hakuna aliyeona. Ilikuwa wiki kadhaa baadaye, nyumbani kwa mwanawe, asubuhi. Dada wa kazi alikuwa amepiga deki kwa maji ya sabuni akatoka kuanika nguo. Bibi akaona kiu, akaona hakuna mtu, akasema moyoni leo najichotea mwenyewe. Alikuwa na kandambili. Alikwenda hatua chache kwenye korido. Walimkuta chini, mguu umegeuka nje, na hakuwa analia. Alikuwa anavitukana vigae kwa Kigogo.

Picha ilionyesha nilichokiogopa. Chuma kiko salama, kimeshika, na chini yake tu, pale kinapoishia, mfupa umekatika. Daktari wa upasuaji ni mtu wa maneno machache. Aliwaita wanaukoo, akawaonyesha kwa kalamu na ufito. Juu pagumu, chini laini, nguvu yote ya kuanguka inakusanyika mpakani. Akasema tunaweza kutoa hiki na kuweka kirefu kitakachopita mpaka karibu na goti. Ni operesheni kubwa kuliko ya kwanza, ila inafanyika. Wakamshukuru. Kisha wakatoka nje wakaanza kuulizana nani alimruhusu kupiga ngoma.

Ngoma imemvunja. Hiyo ndiyo habari iliyofika kijijini kabla ya jua kuzama. Ilikuwa habari rahisi kuibeba. Nani atabeba habari ya vigae, na vidonge vya usingizi, na sofa, na heshima? Mimi niliwaeleza mpaka koo likakauka. Mdogo wake Bibi, mjomba wa watoto, mzee mwenye sauti ndogo na neno zito, alinisikiliza akasema, "Kijana, sisi hatumlaumu mtu. Ila dada yangu ni mzee. Tumpeleke nyumbani akapumzike. Tusimtese."

Naomba niseme wazi neno hilo lina maana gani. Kupumzika, kwa mtu aliyevunjika paja, ni kulala chali bila kugeuka. Ni vidonda mgongoni, ni kifua kujaa, ni damu kuganda mguuni, ni kujisaidia palepale huku wakwe wanafungua madirisha. Nimewaona wengi wakichukuliwa hivyo, wamefunikwa shuka safi, watoto wanalia kwa upendo wa kweli, na baada ya muda mfupi tunasikia wamezikwa. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa nampenda yule bibi, na walikuwa wanakwenda kumuua kwa upole.

Kikao cha ukoo kilikaa nje, kwenye benchi chini ya dirisha la wodi. Mjomba katikati, wana kulia na kushoto, wakwe wamesimama. Wanaongea kwa sauti ya chini. Sijui kama walisahau kwamba dirisha lilikuwa wazi, au walidhani aliyevunjika mguu haoni na hasikii pia. Kitanda cha Bibi kilikuwa hapohapo ndani. Mimi nilikuwa namwekea mguu juu ya mto, nikaona taya lake linacheza. Akanyoosha mikono kwenye kabati la chuma la kando ya kitanda, akalipiga kwa viganja, mapigo mazito ya kuanzia, yale ambayo kila mwanamke wa kwao akiyasikia anasimama. Vikombe viliruka. Wale wakwe wawili nje walinyanyua shingo kabla hawajajua wanafanya nini.

Wakaja wote, mbio.

"Mguu unaozungumzwa ni wa nani?" akauliza.

"Ni wako, dada," mjomba akasema. "Ila sisi tunaona—"

"Basi kikao kiko huku. Kaeni."

Hakukuwa na mahali pa kukaa. Wakasimama. Mjomba akaanza tena kuhusu umri, kuhusu maumivu, kuhusu kutotaka kumwona anateseka. Bibi alimwacha amalize, kwa kuwa alikuwa mdogo wake na alimbeba mgongoni.

"Unaogopa kuniona nikiumia," akamwambia. "Usitazame. Mimi naumia sasa hivi, umenisaidia nini?"

Kisha akamgeukia mwanawe mkubwa, na hapo sauti yake ikashuka. "Mwanangu, ulinikalisha kwa heshima. Nimeiona heshima yako, na majirani wameiona. Imetosha. Sasa nisimamishe."

Mwanawe alilia, mtu mzima, mbele ya wakwe na wauguzi. Akasema, "Mama, ukifia mezani je?"

"Nitakuwa nimekufa nikienda mahali. Mnakotaka kunipeleka ninyi nakwenda wapi?"

Mjomba alivua kofia, akaishika, akaivaa tena. Akasema, "Haya." Daktari alipokuja kuuliza wameamua nini, Bibi alimwambia wameamua kusikiliza.

Sitasema ilikuwa rahisi. Operesheni ilikuwa ndefu, na siku zilizofuata alinitukana matusi ambayo hata utani hauyafuniki. Alilia mara moja tu nikiwapo, nilipomnyanyua na mguu ukakataa kumtii. Alisema, "Mpagazi, siuhisi kuwa wangu." Nikamwambia ni wake, umesahau tu, tuukumbushe. Tulianza na kile kifaa cha miguu minne, tukaja magongo, tukaja fimbo. Mguu ulitoka mfupi kidogo kuliko mwenzake, akawa anatembea kwa kudundadunda, na fundi viatu akamwongezea soli. Mwanawe alibomoa vigae vya korido, akamwaga saruji ya kukwaruza, nyumba ikawa na barabara katikati. Na Bibi, baada ya taabu zote hizo, akamshukuru, akambariki, akarudi kijijini kwake. Alitwanga uwele wake mbele ya macho ya watu wote, na mwanawe akija siku za mapumziko alikaa kwenye kigoda anamtazama, na aliyetaka kuuliza aliuliza.

Macho pia alikubali. Alisema amechoka kuvunjwa na asichokiona. Siku walipomfungua bandeji nilikuwa nimepita kumjulia hali. Alinitazama muda mrefu, tena na tena. "Kumbe ndiyo sura hii," akasema. "Ningejua ningeomba wa mazoezi mwingine."

Mara ya mwisho kukutana naye ilikuwa hospitalini. Alikuja kliniki kupigwa picha ya mguu, peke yake, amepanda basi la asubuhi. Mimi nilikuwa wodi ileile ya wanawake, na nilikuwa na siku mbaya. Kulikuwa na mama mmoja mzee kutoka vijiji vya mbali, mfugaji, mkimya, na yeye amevunjika chini ya chuma alichowekewa zamani. Wanawe watatu walikuwa wamekwishaamua. Gari lilikuwa nje limewashwa, godoro limetandikwa nyuma. Daktari alikuwa ameeleza, mimi nimeeleza, muuguzi mkuu ameeleza. Wanawe walikuwa wapole, wanatushukuru kwa kila neno, na wanafunga vyombo.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni ananingoja. Sijui alikuwa amesikiliza tangu lini. Akaingia, anadunda, na wale vijana wakamwamkia shikamoo kwa kuinama. Akaitikia. Hakuwauliza kitu. Akaenda moja kwa moja kitandani, akamsalimia yule mama kwa Kigogo, wakaulizana ukoo, wakaulizana mvua na mifugo, taratibu, kama watu wawili waliokutana mnadani, na gari nje linaunguruma.

Kisha akamuuliza, "Wewe unataka nini?"

Yule mama aliwatazama wanawe kwanza. Tangu alazwe nilikuwa nimemsikia akisema ndiyo na asante tu. Nilijiuliza kama kuna hata mmoja kati yetu, daktari, muuguzi, mimi, aliyekuwa amemuuliza. Tulikuwa tumewauliza wanawe.

"Sema," Bibi akamwambia. "Hawa umewazaa wewe."

Akasema kwa sauti ndogo, uso ameugeuzia ukutani, "Nataka kwenda chooni mwenyewe."

Kijana mdogo aliweka chini sufuria aliyokuwa ameshika. Yule mkubwa alisimama pale, anatazama mgongo wa mama yake, machozi yanamlenga. Halafu akatoka nje, na tukasikia mlango wa gari, na sauti yake ikimwambia dereva azime.